Intaneti moja, kompyuta mbili: tugawane, lakini tuandikishane

Leo naomba niseme kitu ambacho kimenikereketa kwa siku nyingi, nacho ni hili suala la watu wawili, kompyuta mbili, intaneti moja. Nyumba nyingi tunazopanga sisi tuliokosa hosteli, kuanzia Changanyikeni hadi Sinza, zinaishi hivyo. Mmoja ana laini na ruta, wa chumba cha pili ana kompyuta yake na anachangia. Au hachangii. Au anachangia mwezi huu na mwezi ujao anaanza kukwepa macho yako koridoni.

Msimamo wangu nautoa mapema ili asiye na muda aondoke nao. Kugawana intaneti ni jambo zuri, na mwanafunzi anayelipia laini nzima peke yake huku jirani wa ukuta wa pili naye analipia ya kwake, wote wawili wanatupa hela. Lakini jamani, tunagawana vibaya. Tunadhani kazi imekwisha mtu akishatajiwa paswedi. Kumbe hapo ndiyo kwanza inaanza, maana ukigawana intaneti na mtu unagawana naye vitu vitatu: hela, spidi na jina. Viwili vya kwanza tunavigombania kila siku. Cha tatu wengi wetu hatukijui kabisa, na ndicho chenye hatari kuliko vyote.

Tuanze na kwa nini ni jambo zuri. Hebu jiangalie ukiwa kwenye kompyuta. Unafungua ukurasa, unakuja kwa sekunde mbili tatu, halafu unausoma dakika tano. Dakika zote hizo tano laini imekaa bure kama daladala iliyopaki kituoni na injini inanguruma. Unaandika asaimenti saa nzima, laini imekaa. Unaenda kuoga, laini imekaa. Umelala, laini imekaa, na mwezi unaisha hivyo hivyo. Sasa mtu wa pili akitumia zile nafasi ambazo wewe hutumii, umepungukiwa nini?

Na hili si ujanja wa maskini, kama baadhi ya watu wanavyolichukulia. Intaneti yenyewe ndivyo ilivyojengwa. Kwenye simu za zamani za waya, watu wawili wakiongea njia yao ilishikiliwa mwanzo hadi mwisho, hata wakinyamaza. Waliojenga ARPANET kule Marekani mwaka 1969 walifuata njia nyingine: ujumbe unakatwa vipande vidogo vidogo, kila kipande kinaandikwa kinakokwenda, na vipande vya watu wengi vinapita njia moja kwa zamu. Mwenye cha kutuma anatuma, asiye nacho anampisha mwenzake. Kwa hiyo wewe na jirani yako mkitumia ruta moja hamfanyi kitu cha ajabu. Mnafanya kwa udogo kile ambacho dunia nzima inafanya kwa ukubwa.

Sasa inafanyikaje? Naomba nieleze kidogo, maana usipoelewa hapa hutaelewa hoja yangu ya jina huko mbele. Wote tunajua kubebana. Uongozi wa hosteli una jina moja kwenye kitanda, lakini usiku wanalala wawili. Aliyeandikwa ndiye anayejulikana, aliyebebwa hayupo kwenye karatasi yoyote. Basi ruta inafanya kazi ya kubeba. Kompyuta zenu mbili zinapewa namba za ndani, mara nyingi zinazoanza na 192.168, ambazo ni miongoni mwa namba zilizotengwa kwa ajili ya mitandao ya ndani tu. Huko nje hazitambuliki. Inayotambulika nje ni namba moja, ya laini. Kompyuta yako ikiomba ukurasa, ruta inafuta namba yako ya ndani, inaweka ile ya nje, na inaandika pembeni kwenye daftari lake: ombi hili ni la yule wa chumba cha kushoto. Jibu likirudi inaangalia daftari, inamkabidhi mwenyewe. Huko nje hakuna anayejua kwamba ndani mko wawili.

Mbinu hii waliiandika Kjeld Egevang na Paul Francis mwaka 1994, na sababu ilikuwa uhaba. Namba za mfumo wa IPv4 ni kama bilioni 4.3 tu kwa dunia nzima, na ilishaonekana kwamba hazitatosha. Kweli hazikutosha: akiba kuu ya dunia iliisha Februari 2011. Kubebana ndiko kulikotuokoa.

Kwa kompyuta za nyumbani mambo yalirahisika mwaka 1999, Microsoft walipoiweka mbinu hiyo ndani ya Windows 98 Toleo la Pili. Kompyuta ya kwanza ilikuwa na modemu, na pembeni kadi ya mtandao. Unavuta waya kutoka kwenye kadi hiyo kwenda kwenye kompyuta ya pili, waya ule ambao nyaya zake za ndani zimepishanishwa upande mmoja, unaweka tiki kwenye kisanduku, basi, ya pili nayo ina intaneti. Ila kulikuwa na kasoro moja kubwa: ya kwanza ikizimwa, ya pili inakatika hapo hapo. Mwenye kompyuta ya kwanza akiamua kulala, mmelala wote. Akinuna, umenuniwa na intaneti.

Kasoro hiyo msifikiri imekufa na Windows 98. Ipo leo, imebadilisha nguo tu. Mtu anakuwashia hotspoti ya simu yake, uko katikati ya kazi, yeye anaitwa na rafiki yake, anaweka simu mfukoni, anaondoka. Intaneti yako imetembea kwa miguu kwenda kula chipsi. Ndiyo maana mimi ni mpinzani wa hotspoti kama mpango wa kudumu. Kwa dharura sawa, kwa siku moja sawa. Lakini watu wawili mnaochangia hela mnatakiwa mwe na ruta, hata ile ndogo ya kuweka laini ya simu, na ikae mahali pa wote: sebuleni au koridoni, siyo chini ya mto wa mmoja wenu.

Mtauliza, je kampuni za intaneti zinasemaje? Hapa kuna historia ya kuvutia. Zamani kule Marekani baadhi ya kampuni ziliwataka wateja walipie kila kompyuta ya ziada ndani ya nyumba, kama vile maji ya bomba yangelipiwa kwa idadi ya ndoo. Ruta zilipoenea, na kwa kuwa nje inaonekana namba moja tu, msimamo huo ulikosa nguvu. Kisha vita ikahamia kwenye simu. Mwaka 2010 AT&T walianza kutoza dola 20 kwa mwezi mteja wa iPhone aliyetaka kuunganisha kompyuta kwenye simu yake, juu ya zile MB alizokwisha kulipia! Mwaka 2012 kampuni ya Verizon Wireless ililipa dola milioni 1.25 kumaliza uchunguzi wa mamlaka ya mawasiliano ya huko, kwa sababu ya kuzuia programu zilizowawezesha wateja kugawa intaneti kutoka kwenye simu bila malipo ya ziada. Aliyenunua MB kwa kipimo akaruhusiwa kuzitumia kwenye kifaa anachotaka. Aliyekuwa kwenye mpango usio na kikomo, kampuni iliweza bado kumwongezea gharama.

Mimi naona tofauti hiyo ni ya haki. Ukinunua GB 20, ni zako. Ukizimaliza na simu, na kompyuta yako, au na kompyuta ya jirani, kampuni haijaibiwa hata chembe, maana GB ya 21 haitoi. Ila mpango usio na kikomo umepigiwa hesabu ya matumizi ya nyumba moja. Watu wawili wa nyumba moja, sawa. Ukivuta waya kupita juu ya mabati kwenda nyumba tano za mtaa na kukusanya hela, hapo umefungua kampuni, na usilalamike wakikufuata. Soma masharti ya laini yako, ni kurasa mbili tatu tu, hata kama hakuna anayezisoma. Na kampuni nazo zisijifanye zinashangaa watu wakibebana, maana kampuni nyingi za simu duniani huwabeba wateja wao wengi kwenye namba moja ya nje. Mwaka 2012 ilitengwa hata safu maalumu ya namba kwa kazi hiyo, inayoanzia 100.64.

Haya, tuje kwenye hela. Sote tumeishi kwenye nyumba yenye LUKU moja na wapangaji wanne. Mnajua kinachotokea. Kila mmoja anachanga 5,000, halafu kuna mwenye pasi, kuna mwenye friji, kuna ambaye ana taa moja tu na kila siku anarudi saa nne usiku. Umeme ukiisha kabla ya siku zake linaanza swali la nani kamaliza. Kwenye intaneti ni ugomvi ule ule, isipokuwa pasi inaonekana na kusikika harufu yake, wakati MB zinaondoka kimya kimya bila hata mwenyewe kujua.

Nendeni na hesabu hii kichwani: kitu kinachovuta kwa spidi ya megabiti 1 kwa sekunde kinakula MB 450 kwa saa. Video inayovuta megabiti 3 inakula zaidi ya GB 1.3 kwa saa. Kwa hiyo filamu moja ya saa mbili ni kama GB 2.7, wakati mwenzako aliyeshinda siku nzima anasoma kurasa za maandishi na kutuma barua pepe hajafika hata robo ya hapo. Halafu kuna kitu kinaitwa apdeti. Kompyuta yenye Windows ikiunganishwa na Wi-Fi inadhani iko kwenye bahari ya intaneti, inaanza kushusha mafaili mazito kwa nyuma. Jirani anaapa kwa Mungu kwamba hakuangalia kitu, na anasema kweli! Iliyoangalia ni kompyuta yake. Dawa ipo ndani ya mashine: kwenye Windows 10 na 11 unaingia kwenye mipangilio ya mtandao na kuiambia kwamba mtandao huu unapimwa, nayo inapunguza kula. Na siku mnayotaka apdeti, kuna mpangilio unaoruhusu kompyuta moja ichukue vipande vya apdeti kutoka kwa nyingine iliyo kwenye mtandao huo huo wa ndani, ili vile vile visishushwe mara mbili kwa bando.

Maoni yangu kuhusu kugawana gharama ni haya. Kama ni bando la kipimo, lipeni kwa kadiri ya matumizi. Ruta nyingi zinaonyesha kila kifaa kimetumia kiasi gani, na kama yenu haionyeshi, kompyuta yenyewe inayo hesabu ya siku 30 zilizopita. Angalieni pamoja, siyo mmoja aangalie na kuja na hukumu. Kama ni laini ya mwezi isiyo na kikomo, gaweni nusu kwa nusu na msihesabiane. Mwenye kutazama filamu na mwenye kusoma makala wote wamelipia mlango uwe wazi. Hakuna GB iliyopungua kwa mwenzake. Kuhesabiana kwenye kitu kisichopungua ni roho mbaya tu.

Kisichopungua kwa GB lakini kinapungua kwa spidi, na hapo ndipo kwenye kitu cha pili. Wengi wanadhani mwenzako akiwa anapandisha faili na wewe unashusha hamuingiliani, kwa sababu mmoja anaenda juu na mwingine chini. Si kweli. Kila kinachoshuka kinahitaji risiti irudi juu: nimepokea, lete kingine. Risiti ni ndogo sana, lakini lazima ipite. Sasa mwenzako akiwa anapandisha video ya GB 2 na njia ya kupanda ni nyembamba, foleni inajaa, risiti zako zinakaa nyuma ya video yake kama bodaboda nyuma ya lori la mchanga mlimani. Huko nje wanasubiri risiti ndipo walete kingine. Wewe unaona intaneti imekufa, unapiga simu kampuni ya intaneti unawatukana, kumbe lori liko chumba cha pili.

Dawa ni mbili. Ya kwanza ni ya mashine: programu nyingi za kupandisha na kushusha mafaili zina mahali pa kuweka ukomo wa spidi. Ukiiacha ile ya kupanda ibaki na nafasi kidogo, mwenzako anapumua. Ruta nyingine zina uwezo wa kugawa foleni kwa haki zenyewe, ukinunua, ulizia. Dawa ya pili ni ya watu, na ndiyo muhimu zaidi: mafaili mazito yaende usiku wa manane, na mwenye usaili, mtihani au kazi ya kukusanya atangulie. Siyo mwenye laini atangulie. Mwenye shida ya muda atangulie. Leo ni yeye, kesho ni wewe.

Hapo kuna kisa naomba nikiseme, maana ndicho kilichonifanya niandike. Kwenye nyumba moja jirani na tunapokaa kulikuwa na vijana wawili waliogawana laini. Mwenye laini alikuwa anamdai mwenzake mchango wa miezi miwili, kwa sababu bumu lilichelewa, na sisi wote tulikuwa tunajua limechelewa. Wakagombana, tena mwanzo wa ugomvi haukuwa intaneti, ulikuwa vyombo visivyooshwa. Usiku wa kukusanya ripoti, saa tano na nusu, mwenye laini akabadilisha paswedi. Hakusema neno. Yule mwingine akatoka mbio na faili kwenye flashi, akachukua bodaboda kwenda kutafuta rafiki mwenye bando, na mfumo ulifungwa saa sita kamili. Hakuwahi.

Najua wapo watakaosema laini ni yake, alikuwa na haki ya kuifunga. Mimi nakataa. Haki ya kudai hela yake alikuwa nayo, tena nzima. Lakini ukishamruhusu mtu ajenge maisha yake juu ya laini yako, muhula mzima, na umekula mchango wake miezi mitatu ya mwanzo, huwezi kumkatia katikati ya usiku bila taarifa. Sisi sote tunalalamikia mwenye nyumba anayetaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo na kukutolea vyombo nje ukichelewa wiki. Halafu mtu akishika kijidude cha plastiki chenye taa tatu za kijani anageuka mwenye nyumba yule yule. Mwenye ruta asigeuke mwenye nyumba. Kama umechoka, sema: tarehe moja naondoa mashine yako. Wiki mbili zinatosha mtu kujipanga. Na kama unampa bure kwa sababu hana, mpe, ila mwambie waziwazi kwamba ni bure, asije akaamka siku moja anadaiwa msaada.

Lakini mwenye laini naye ana upande wake, na huu ndio upande wa kitu cha tatu, yaani jina. Kumbukeni nilivyosema kuhusu kubebana: huko nje inaonekana namba moja. Na laini ile ina mtu. Hapa Tanzania laini ya simu inasajiliwa kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha taifa. Ambazo hazikusajiliwa hivyo zilianza kufungwa Januari 2020. Tuna pia Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Sasa mwenzako akitumia intaneti yenu kumtukana mtu, kusambaza picha za faragha za binti aliyeachana naye, au kutapeli watu, wanaofuatilia wataiona laini yako na jina lako. Ile daftari ya ruta inayojua ombi lilitoka chumba gani ni ya muda mfupi tu, ruta ikizimwa imefutika. Sisemi kwamba mwenye laini atafungwa kwa kosa la mwenzake. Nasema yeye ndiye atakayegongewa mlango kwanza na kuanza kujieleza. Kwa hiyo mtu anapokupa intaneti yake, hajakupa MB tu. Amekukopesha jina lake. Jamani, hicho siyo kitu kidogo.

Ndiyo maana tabia ya kumgawia paswedi rafiki wa rafiki inaniudhi. Umepewa wewe, si ukoo wako. Mgeni akija akiomba, muulize kwanza mwenye laini. Ruta nyingi zina mtandao wa pembeni wa wageni wenye paswedi yake, wawekeni huko. Na kuwa mtandao mmoja maana yake ni kuwa karibu kuliko mnavyodhani. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilisambaa dunia nzima kwa kuruka kutoka kompyuta moja kwenda nyingine, pamoja na zile za ndani ya mtandao mmoja, bila mtu kubonyeza chochote, kwenye mashine ambazo hazikuwa zimepata apdeti. Kwa hiyo uchafu wa kompyuta ya mwenzako unaweza kuwa uchafu wako. Weka apdeti za usalama, zima kugawa mafoda usiyoyahitaji.

Na upande wa pili wa jina ni siri. Anayeshika ruta anaweza kuona majina ya tovuti nyingi unazotembelea, hata kama hawezi kusoma ulichoandika humo kwa sababu tovuti nyingi sasa zinafunga mazungumzo kwa njia fiche. Fikirieni dada anayegawana intaneti na kaka wa chumba cha pili, anatafuta habari za afya yake, na huyo kaka anapitia orodha kwenye ruta na kuja na utani mezani. Hiyo si teknolojia, ni ukosefu wa adabu. Kuwa na uwezo wa kuchungulia hakukupi ruhusa ya kuchungulia. Ruta ni kama bafu la pamoja: mlango ni dhaifu, heshima ndiyo komeo.

Sasa wapo wanaosema, yote haya ya nini? Kila mtu si ana simu yake, anunue bando lake, tuepuke ugomvi? Nawaelewa, lakini hesabu inakataa. Bando dogo la wiki linatosha kupiga soga. Halitoshi kushusha programu ya takwimu, au mihadhara iliyorekodiwa, au data za utafiti wa mwaka wa mwisho. Anayesema kila mtu ajitegemee mara nyingi ni yule ambaye anaweza. Yule ambaye hawezi, anabaki kuhangaika na Wi-Fi ya chuo usiku, au anafanya kazi nusu. Na ugomvi? Tumegombana juu ya LUKU miaka yote na hakuna aliyerudi kwenye koroboi. Tumejifunza kuandika namba za tokeni ukutani na nani alinunua lini. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na MB nazo ni mali.

Basi pendekezo langu ni karatasi moja tu, ya daftari la kawaida, ibandikwe pale inapokaa ruta. Iandikwe laini ni ya nani na nani anachangia. Mchango ni kiasi gani na tarehe ngapi, na bumu likichelewa tunasubiriana mpaka lini. Mafaili mazito saa ngapi. Nani anatangulia kukiwa na mtihani au kukusanya kazi. Wageni wanaruhusiwa au hapana. Hakuna anayefanya kwenye laini hii jambo ambalo asingelifanya kwa jina lake mwenyewe. Hakuna anayechungulia. Na anayetaka kuvunja mpango atoe taarifa ya wiki mbili, pande zote, mwenye laini na asiye na laini.

Mtasema ni makaratasi mengi kwa kitu kidogo. Lakini watu wanaoandikishana mkopo wa 10,000 mbele ya shahidi wanakubali kukabidhiana jina na kazi za muhula mzima kwa kunong'onezana herufi nane! Andikeni, msaini wote wawili, halafu muendelee na maisha kwa amani.

Ni hayo tu kwa leo. Tusome kwa bidii, mitihani haiko mbali.